Pua ya Kidatu na Pipa la Ramu

Glasi ya katikati ndiyo iliyoniumbua.

Mke wangu alikuwa amepanga glasi tatu za wiski juu ya meza ya jikoni, kila moja imebandikwa kikaratasi chenye namba chini ya kitako. Mvua ya Glasgow ilikuwa inachapa dirisha. Nilinusa ya kwanza, nikanusa ya pili, nikarudia ya kwanza, nikaonja ya tatu. Kisha nikaishika ile ya katikati nikasema, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, "Hii hapa. Hii ndiyo yenye ramu kuliko zote. Inanukia nyumbani."

Akaiinua, akachungulia kitako, akafungua kijidaftari chake.

"Hiyo ni Glenmorangie."

Nikakaa kimya.

Glenmorangie Original, ile ya miaka 10, haijui ramu. Imezeekea kwenye mapipa yaliyowahi kubeba burboni, wiski ya Marekani, basi. Glasi mbili za pembeni ndizo zilizopitia mapipa ya ramu, nami nilizivuka zote mbili nikaenda kuikumbatia isiyohusika. Na huyu aliyekosea ndiye mtu ambaye kwa miaka miwili amekuwa akiwaambia rafiki zake kwamba harufu ya molasi, ile rojo nyeusi ya miwa inayopikiwa ramu, haiwezi kumpita, hata usiku, hata akiwa na mafua.

Hayo yalitokea Machi. Yamenikaa kooni tangu siku hiyo.

## Nilikoitoa pua hii

Nimekulia Kidatu, karibu na kiwanda cha sukari. Baba alikuwa mpishi wa sukari kiwandani, yule anayesimama kwenye matangi ya kuchemshia na kujua kwa macho na vidole ni dakika gani chembe zimeanza kushikana. Alikuwa akirudi nyumbani molasi imemkaa kwenye kola ya shati, kwenye nywele, kwenye kamba za viatu.

Asiyeijua molasi hudhani ni utamu tu. Siyo. Kuna utamu, ndiyo, ila nyuma yake kuna uchungu, kuna kitu kilichoungua, kuna kitu kama chuma kilicholowa. Harufu hiyo ndiyo niliyolala nayo na kuamka nayo kila msimu wa kuvuna. Na usiku wakichoma mashamba kabla ya kukata miwa, asubuhi mama alikuta majivu meusi yamelala juu ya nguo alizoanika, mepesi kama manyoya, na ukiyashika tu yanasagika na kuacha mstari.

Basi siku ya kwanza nilipoonjeshwa Balvenie Caribbean Cask (Pipa la Karibi) ya miaka 14, wiski iliyopitia mapipa ya ramu, kwenye sherehe ya kumuaga mfanyakazi mwenzetu, nilifumba macho. Nikaiona kola ya baba.

Sikuwa mpenzi wa wiski kabla ya hapo. Baada ya hapo nikawa. Nikanunua chupa yangu mwenyewe, nikaongeza Glenlivet Caribbean Reserve, nikaanza kusoma. Hata neno kimea lilinifurahisha, maana sisi tulioinuliwa kwa togwa ya bibi hatuhitaji kufundishwa kimea ni nini. Ulezi unalowekwa, unachipua, unaanikwa, unasagwa, na ndio unaoitia togwa utamu. Waskoti wanafanya hivyo hivyo kwa shayiri. Tofauti ni kwamba wao wanaichachua, wanaikeneka, kisha wanaiweka ndani ya pipa la mwaloni na kusubiri miaka.

Nilijiona nimepata daraja la kuvukia kwenda nyumbani. Ndiyo maana glasi ile ya katikati iliuma.

## Usiku sita

Sikutaka kukubali kwa mara moja. Nilimwomba mke wangu turudie.

Tukafanya usiku sita, siyo mfululizo. Glasi zilezile tatu, Balvenie, Glenlivet na Glenmorangie, mpangilio unabadilika, yeye anamimina nikiwa sebuleni. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kutaja ipi kati ya hizi haijawahi kugusa pipa la ramu.

Nilipatia mara 2 kati ya 6.

Mtu aliyefunga macho na kuziba pua, anayeokota glasi yoyote, kwa kawaida angepata mara 2 kati ya 6. Yaani kipaji changu chote, Kidatu yangu yote, kola ya baba, vilikuwa na thamani sawa na kubahatisha.

Swali likabadilika. Mwanzo lilikuwa ni kwa nini nimekosea. Sasa likawa zito zaidi: siku ile ya kwanza, kwenye sherehe, nilinusa nini hasa? Nilinusa wiski, au nilinusa neno lililokuwa kwenye chupa? Maana chupa niliiona kabla ya glasi. Niliisoma lebo. Nikafumba macho nikiwa tayari najua ninachotaka kukiona.

Sikulala vizuri kwa jambo hili. Mtu aliye mbali na kwao anashikilia vitu vichache, na mimi hiki kilikuwa kimojawapo.

## Mwaloni

Mei nilipanda basi kwenda kaskazini, mpaka Craigellachie, kwenye karakana ya mapipa ya Speyside Cooperage. Wageni husimama juu, kwenye jukwaa, na kuwatazama mafundi wakifanya kazi chini. Nilikaa pale muda mrefu kuliko kundi langu lote.

Fundi mmoja alinivuta macho. Alilizungusha pipa kwa tumbo la mkono kama mtu anayezungusha gurudumu la baiskeli, akazipiga pete za chuma zikalegea, akachomoa ubao mmoja uliopasuka, akapachika mwingine. Kisha akachukua majani makavu ya matete, marefu, akayachomeka katikati ya ubao na ubao, akarudisha pete na kuzigongelea. Hakuna gundi wala msumari. Tete lile likilowa linavimba, na pipa halivuji. Mahali pengine ndani ya karakana mapipa yalikuwa yakiunguzwa tumboni, moto unapanda kupitia mdomo wake kama jiko la mkaa lililopulizwa.

Pale ndipo nilipoanza kuelewa.

Sheria ya Marekani inataka burboni iwekwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani. Kipya kila mara. Kwa hiyo viwanda vya Kentucky vikishalitumia pipa mara moja, kwa burboni halina kazi tena, na mapipa hayo ya lita 200 hivi yanauzwa kwa maelfu. Mengi yanakuja Uskoti moja kwa moja. Mengine yanashukia Karibi, yanajazwa ramu miaka kadhaa, ndipo yanaendelea na safari.

Sasa angalia kinachotokea kwenye mwaloni ukiungua. Sukari zilizomo ndani ya mti zinageuka karameli. Kile kinachoupa mti ugumu wake kinavunjika na kutoa vanila, ileile kemikali iliyomo kwenye vanila ya Bukoba. Na mwaloni wa Kimarekani una mafuta fulani ambayo pua ya mwanadamu huyasoma kama nazi.

Karameli. Vanila. Nazi.

Hivyo vitatu ndivyo nilivyokuwa nikivinusa na kusema, "Naam, Karibi hii." Lakini vyote vitatu vimo kwenye pipa la burboni ambalo halijawahi kuiona bahari. Vimo kwenye Glenmorangie ile ya katikati, tena kwa wingi, kwa sababu yenyewe haina kingine kinachovifunika.

Nilichokiita Karibi kilikuwa msitu wa Marekani uliounguzwa.

## Mgeni wa miezi 4

Kuna hesabu ambayo hakuna aliyenifanyia, nikaifanya mwenyewe ndani ya basi la kurudi.

Glenfiddich wana wiski ya miaka 21 ambayo humaliziwa kwenye mapipa ya ramu, yaani huhamishiwa humo mwishoni. Miaka 21 ni miezi 252. Kwenye pipa la ramu inakaa kama miezi 4. Kazi kubwa yote imefanywa na mapipa mengine, yaliyolala gizani Dufftown, kwenye maghala ya kiwanda, wakati watoto wanazaliwa, wanasoma, wanaoa. Kila mwaka asilimia 2 hivi imepaa kupitia kwenye mbao, lile wanaloliita fungu la malaika. Kisha anakuja mgeni wa miezi 4, na jina linaloandikwa mbele ya chupa ni la mgeni.

Silaumu kumalizia kwenyewe. Ni ufundi mgumu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hapa jembe lina hatari: ukiliacha pipa la ramu lifanye kazi muda mrefu kupita kiasi, linaimeza shayiri, unabaki na kitu kisichokuwa wiski wala ramu. Anayeamua siku ya kuitoa anaamua kwa pua. Ufundi huu ulipata jina kwa sababu ya watu kama David Stewart, aliyeingia kazini kwa William Grant & Sons mwaka 1962 na kuja kuwa bingwa wa Balvenie. Kampuni hiyo hiyo ndiyo yenye Glenfiddich. Viwanda vyenyewe vinapakana.

Kwenye ile Caribbean Cask ya miaka 14, Stewart hakuokota pipa lolote lililotupwa na kiwanda cha ramu. Alichanganya ramu za Karibi kwa mchanganyiko wake mwenyewe, akaijaza kwenye mapipa ya mwaloni wa Kimarekani ili mbao zinywe, ndipo akaingiza wiski. Yaani ramu ile kazi yake ilikuwa kuliandaa pipa. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Kilwa, alikuwa akiufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kutia maji ya kunywa. Hakuna aliyesema tunakunywa ubani. Tulikunywa maji yaliyopita mahali ubani ulipopita.

Niliposoma habari hiyo niliipenda zaidi Balvenie, siyo kidogo. Lakini nikajiuliza: mbona utamu wote huu wa habari uko nje ya neno lililoandikwa? Mbele ya chupa pameandikwa Karibi tu.

Ile ya Glenfiddich nayo ina kisa chake. Zamani iliitwa Havana Reserve, kwa sababu mapipa yalikuwa ya ramu ya Kuba. Vikwazo vya Marekani dhidi ya Kuba vikaifungia soko kubwa kuliko yote. Mapipa yaliyobeba bidhaa ya Kuba yalitosha kuizuia mpakani. Baadaye mapipa yakatafutwa kwingine Karibi, na jina likabadilishwa. Serikali ya Marekani, angalau, iliamini kwamba pipa lina kwao.

## Ramu ipi?

Ghorofa ya chini yetu anakaa mama mmoja wa Kijamaika, mtu mzima, amefika Glasgow miaka mingi kabla yangu. Namwita Mama, kama ninavyomwita yeyote wa umri ule. Nilimsimulia habari za glasi tatu nikimsaidia kupandisha mizigo yake. Hakucheka. Alifungua kabati la jikoni akatoa chupa ya Wray & Nephew, ramu nyeupe ya kwao, kileo asilimia 63, akamimina kiasi cha kijiko.

"Hii haijalala kwenye pipa," akasema. "Nusa ramu yenyewe."

Nikanusa. Hakuna vanila. Hakuna nazi. Hakuna karameli hata chembe.

Kilichokuwepo ni ndizi. Ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa jeusi na nzi wakaanza kuizunguka, pamoja na nanasi lililosahaulika juani, na kitu kama gundi ya fundi viatu. Ikanipanda mpaka kwenye paji la uso. Akaniambia kwao hiyo hupakwa kifuani mtoto akiwa na homa, na humwagwa chini nyumba inapojengwa. Akaweka kizibo, akarudisha chupa mahali pake.

Nilipanda ngazi nikiwa mtu mwingine. Miaka miwili nimesema ramu, ramu, na sikuwahi kuinusa ramu bila mti.

Na ramu yenyewe siyo moja. Ya Jamaika huchachuliwa muda mrefu, na wengine hutumia masalia ya kileo yaliyobaki kwenye mtambo baada ya kukeneka, ndiyo maana inatoa ndizi na nanasi kwa nguvu vile. Martinique wanakamua muwa na kuchachua maji yake yaleyale, bila molasi kabisa, na ramu yao inanukia majani mabichi. Guyana bado wana mitambo ya kukenekea iliyotengenezwa kwa mbao. Kuba wanapenda nyepesi, safi. Kuyaweka haya yote chini ya neno moja ni sawa na mtu kuandika kwenye gunia "nafaka" akakuuzia, halafu ukifika nyumbani ujue mwenyewe kama ni mchele, mtama au mahindi.

Jumapili ile nilimpigia baba. Baba hajawahi kunywa pombe maishani mwake, ila anasikiliza habari ya sukari yoyote kama wengine wanavyosikiliza mpira. Nikamweleza wiski, pipa, Karibi, molasi.

"Molasi gani?" akauliza. "A, B au C?"

Sikuwa na jibu. Kwa asiyejua: ukichemsha maji ya miwa na kuyazungusha kwa kasi kwenye mashine ili sukari itengane, kinachobaki ni molasi A. Unachemsha tena, unapata B. Tena, unapata C, ile nyeusi, nzito, ambayo sukari iliyobaki humo hailipi tena gharama ya kuitoa. Kwa baba hizo ni bidhaa tatu, na kuziita kwa jina moja ni uzembe.

"Hapa hawajaandika, Baba."

"Basi hawajakuambia kitu."

Hilo ndilo jambo lililonisumbua wiki zote hizi, na baba ndiye aliyelisema kwa maneno matatu. Sina ugomvi na wiski iliyomaliziwa kwenye pipa la ramu. Nina ugomvi na ule ukimya. Niambie kisiwa. Niambie kama ilikuwa molasi au maji ya muwa. Niambie pipa lilikaa na ramu miaka mingapi na wiski ikakaa humo miezi mingapi. Wanaonunua chupa ya bei hii wanajua kusoma.

## Mtaa wa Jamaica

Kila siku nikienda kazini napita Jamaica Street, katikati ya Glasgow. Ulifunguliwa mwaka 1763, mji huu ukineemeka kwa tumbaku na sukari. Mbele kidogo upande wa magharibi, Greenock, meli zilishusha sukari ghafi, na viwanda vya kuisafisha vikadumu pale mpaka wa mwisho ukafungwa mwaka 1997. Kati ya wenye mashamba ya miwa Jamaika walikuwemo Waskoti wengi. Waliokata miwa hiyo walikuwa watu waliochukuliwa kutoka upande wa pili wa bara letu.

Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kufuta utumwa mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Zililipwa kwa waliokuwa wakimiliki watu. Waliomilikiwa hawakupata hata senti, na wengi walilazimika kuendelea kufanya kazi mashambani kwa jina la uanagenzi mpaka 1838. Chuo Kikuu cha Glasgow kilitoa ripoti mwaka 2018 kikikiri kwamba kilinufaika na fedha zilizotokana na utumwa, na mwaka uliofuata kikasaini makubaliano ya pauni milioni 20 na Chuo Kikuu cha West Indies.

Nasi tunaotoka nchi zenye pwani yetu tunajua karafuu za Unguja zilichumwa na nani. Simnyooshei mtu kidole nikiwa nimesimama mahali pasafi.

Lakini baada ya kumsikiliza yule mama wa chini, neno Karibi kwenye chupa halinipitii tena kama jua na mnazi. Pipa lililotoka kule kuja huku linafuata njia ya zamani sana. Kutaja shamba, kutaja kisiwa, ni heshima ndogo kwa watu walioipika ramu ile, wa leo na wa zamani. Hata kwa gharama ya mstari mmoja wa maandishi.

## Nikarudi mezani

Juni nikamwomba mke wangu atoe tena kile kijidaftari.

Safari hii sikutafuta vanila. Nilipoikuta niliiweka pembeni, kama mtu anayesogeza pazia. Nilitafuta ndizi iliyozidi kuiva, nikijua kwamba wiski nayo ina ndizi yake inayotokana na kuchachuka kwa shayiri, kwa hiyo hilo peke yake halitoshi. Nilichokuja kukitegemea ni mwisho, baada ya kumeza: kwenye Balvenie kuna uchungu mdogo wa sukari iliyoungua unaobaki nyuma ya ulimi, mzito kidogo, unaochelewa kuondoka. Glenmorangie inaondoka safi, na ganda la chungwa. Glenlivet Caribbean Reserve ndiyo ngumu kuliko zote, kwani ni sehemu yake tu inayopitishwa kwenye mapipa ya ramu, na kileo chake ni asilimia 40. Ramu iko mbali, kama muziki wa nyumba ya tatu.

Usiku sita. Nikapatia 5.

Niliipata pia Glenfiddich ile ya miaka 21, glasi moja kwenye baa, kwa bei ambayo sitairudia karibuni. Tini, tangawizi, ndizi, na mwaloni wa kizee ukizungumza juu ya vyote. Ni wiski nzuri sana. Ila kama ni ramu unayoitafuta, pesa yako itafanya kazi zaidi kwenye Balvenie ya miaka 14 yenye asilimia 43. Sijui kwa nini nilichelewa kuamini kwamba ya bei nafuu inaweza kulijibu swali langu vizuri zaidi.

Na kola ya baba? Ipo. Haiko mahali nilipokuwa naiona. Iko mwisho, baada ya kumeza, kwenye ule uchungu.

## Julai, Kidatu

Nilisafiri Julai, wiki tatu, na kwenye begi nilikuwa na kichupa kidogo nilichokijaza nyumbani. Humo hakukuwa na Balvenie. Ilikuwa Glenfiddich Fire & Cane, iliyotoka mwaka 2018, inayochanganya wiski ya moshi na ile isiyo ya moshi kisha kuimalizia kwenye mapipa ya ramu. Jina lake ni Moto na Muwa. Ningeachaje kumpelekea baba?

Tulikaa uani jioni. Upande wa mtoni walikuwa wamechoma shamba, anga ina wekundu, na vile vipande vyeusi vimeshaanza kushuka. Mama alikuwa anatoa nguo kambani haraka haraka. Nilimimina kidogo kwenye glasi ya chai, sikumwambia jina lake, sikumwonyesha maandishi. Nikamwambia tu, "Baba, usinywe. Nusa uniambie."

Akaisogeza puani. Akaishusha. Akageuza uso kuelekea upepo unakotoka, akavuta hewa ya shamba linaloungua, akairudia glasi.

"Sukari ipo," akasema. "Iko nyuma. Imeungua kidogo."

"Na moshi?"

"Huu si moshi wa miwa."

Nikasubiri.

"Moshi wa miwa ni mwepesi, una utamu. Huu ni mzito. Una hospitali ndani yake. Wanachoma nini huko?"

"Udongo, Baba."

"Udongo?"

"Udongo wa kinamasi. Wanaukata kwa vipande, wanauanika mpaka ukauke, halafu wanauwasha chini ya shayiri iliyochipua."

"Udongo unawaka?"

"Unawaka."

Akaishika ile glasi ya chai kwa mikono miwili, akainama, akanusa tena, safari hii polepole.